Noah ya Japani au ya mkononi? Hesabu ya familia inayopanda Suji

Gari dogo halitoi taarifa siku linapoacha kuitosha familia. Injini inaweza kuwa nzima na bodi haina kutu, ila watoto wamekua, mabegi yameongezeka na wazee wamefika umri wa kufuatwa nyumbani. Ndipo wazazi wanapokaa mezani na swali ambalo limegombanisha nyumba nyingi: tununue gari jipya au la mkononi?

Familia moja ya mjini Same ilikaa na swali hilo kwa miezi mitano. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi, baba ana duka la pembejeo za kilimo. Wana watoto watatu: wa kwanza yuko darasa la saba, wa pili darasa la tatu, na wa mwisho ana miaka miwili. Gari lao lilikuwa Toyota Vitz, namba C, walilolinunua wakati huyo wa pili akiwa bado tumboni.

Kwa safari za mjini Vitz haikuwa na neno. Shida ilikuwa Suji, kwa mama mzazi wa baba. Kutoka Same unafuata barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam hadi Makanya, mji mdogo unaojulikana kwa machimbo ya jasi, kisha unaacha lami na kuanza kuupanda mlima. Kuna kona moja ambayo baba, akifika, husema, "Haya, shukeni." Mama na watoto wawili wakubwa wanapanda kwa miguu, gari linapita na mtoto mdogo, mchele na sukari, wanakutana juu. Watoto waliona ni mchezo.

Bibi hakuweza kuucheza mchezo huo. Ana presha, na kila mwezi anatakiwa kliniki Same. Mara nyingi alishuka kwa bodaboda hadi Makanya, akadaka basi. Mwezi Mei bodaboda iliteleza kwenye tope na bibi akavunjika mkono. Tangu siku hiyo habari ya gari kubwa ikaacha kuwa ya starehe.

Walihesabu walichonacho. Akiba ya miaka minne, pamoja na mgao wa VICOBA wa mama, ilikuwa Sh12 milioni. Vitz ilikuwa na mteja wa Sh6 milioni. Jumla Sh18 milioni. Kwamba wanunue Toyota Noah, kwa viti vyake vinane na milango ya kusukuma, walikubaliana siku ya kwanza. Kwamba iwe Noah ipi, hapo ndipo maneno yalipoanza.

Gari jipya ni lipi?

Tanzania neno "jipya" lina maana zaidi ya moja. Kuna gari la zero kilometa, linalotoka kiwandani na kuuzwa na wakala. Hilo, kwa familia nyingi za mishahara na maduka, linaishia kutazamwa barabarani. Mtu akisema mtaani "nimenunua gari jipya", mara nyingi ana maana kwamba gari limetoka Japani, limetumika huko miaka kumi au kumi na tano, limeshuka bandarini Dar es Salaam na kupewa namba kwa mara ya kwanza. La mkononi ni lile ambalo tayari lina namba ya hapa na mtu, au watu, wamelitumia kwenye barabara zetu.

Kwa hiyo wazazi hawa hawakuwa wanachagua kati ya jipya na kuukuu. Walikuwa wanachagua kati ya magari mawili yaliyotumika, moja limezeekea kwenye lami ya Japani na lingine limezeekea hapa. Baba alikuwa wa kwanza kulikubali hilo, na bado alitaka la Japani.

Hoja zake hazikuwa za majivuno tu. Magari mengi yanayoletwa hupitia minada ya Japani, na mkaguzi wa mnada huandika karatasi yenye daraja la gari, mikwaruzo yake na kilomita zake. Herufi R au RA kwenye karatasi hiyo ni ishara kwamba gari liligongwa likatengenezwa. Huko gari dogo la familia hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu ya kwanza, kisha kila baada ya miaka miwili. Cheti cha kusafirisha gari nje ya nchi nacho hutaja kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi. Mnunuzi anayeomba karatasi hizo mbili na kuzilinganisha na dashibodi anajua mengi kuhusu gari lake kuliko anayenunua chini ya mwembe kwa maneno ya dalali.

Mwalimu mwenzake mama alifanya hivyo hasa. Alilipa kidogo kidogo, akaomba karatasi ya mnada, akalikataa gari la kwanza lenye herufi R, akalichukua la pili. Mpaka leo halijamsumbua.

Kodi inavyolihesabu gari

Bei ya Noah aliyoipenda baba, ya muundo ulioanza kutoka mwaka 2007, ikiwa imefika na kusajiliwa, ilikuwa Sh25 milioni. Mama alitaka kujua kwa nini.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Tanzania inaruhusu, lakini umri unalipiwa. Kwa viwango vilivyozoeleka miaka ya karibuni, gari la abiria hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kama injini iko kati ya cc 1,000 na 2,000, na likizidi miaka kumi linaongezewa asilimia 30 kwa sababu ya uchakavu. Juu ya hayo yote inakuja VAT ya asilimia 18.

Chukua gari ambalo thamani yake hadi bandarini imekadiriwa kuwa Sh8 milioni. Ushuru wa forodha ni Sh2 milioni. Ushuru wa bidhaa, Sh500,000. Uchakavu, Sh3 milioni. VAT inapigwa kwenye jumla ya hayo, nayo ni Sh2,430,000. Hapo ni karibu Sh8 milioni nyingine, kabla ya tozo ndogondogo, wakala wa forodha na usajili. Makadirio ya thamani hufanywa na TRA yenyewe, na kikokotoo chake kipo kwenye tovuti, hivyo mzazi anaweza kujua kodi ya gari analolitaka kabla hajatuma hata shilingi. Viwango hubadilika na bajeti ya kila Juni. Ni vema kuangalia upya.

Mama alipoiona hesabu hiyo alisema jambo moja: "Baba, nusu ya hela hii haitupandishi Suji. Ni kodi." Baba akajibu kwamba gari la mkononi nalo lililipiwa kodi hiyo hiyo na aliyelinunua mwanzo. Mama akasema ndiyo, ila huyo mtu wa mwanzo ameshaumia, na akiuza leo hawezi kuidai yote.

Sh7 milioni zisizokuwepo

Kati ya Sh18 milioni na Sh25 milioni kuna pengo, na baba alikuwa na jibu: mkopo wa SACCOS ya mama, miaka miwili, marejesho kama Sh350,000 kwa mwezi.

Hapo mazungumzo yakawa magumu. Mtoto wa kwanza angeingia kidato cha kwanza Januari. Ada ya shule za serikali ilifutwa mwaka 2016, lakini mzazi aliyempeleka mtoto bweni anajua godoro, sare, madaftari, nauli na fedha ya matumizi havikufutwa. Bibi naye alikuwa na mkono kwenye plasta na dawa za kila mwezi. Marejesho yangekatwa kwenye mshahara wa mama kabla haujafika mkononi, na duka la pembejeo huuza vizuri mvua zikinyesha tu.

Mama alikumbusha ndiva. Watu wa upande wa Makanya na milima ya juu yake wanaijua: bwawa dogo la asili linalokusanya maji ya mfereji usiku, asubuhi yakafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Maji yanayotiririka mchana kutwa bila kukusanywa hayafiki shamba la mwisho. "Tukinunua gari la kumaliza kila kitu," alisema, "tutakuwa na mfereji bila ndiva. Siku Noah ikidai tairi, tutakopa tena."

Baba alinyamaza siku mbili. Baadaye alikiri kwa mkewe kilichokuwa kinamuuma. Ndugu zake wa Dar es Salaam wanapanda Desemba na magari ya namba E. Yeye aliyebaki karibu na mama yao, anayemhudumia mwaka mzima, angefika na gari la mkononi tena, la pili. Kuna utani wa zamani kwamba Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Alicheka mwenyewe aliposema, "Nilikuwa nataka kuuza ng'ombe."

Fundi anauliza maswali mengine

Walikubaliana kumwona fundi wanayemwamini kabla ya kumwona dalali yeyote. Fundi hakuuliza mwaka wa gari. Aliuliza litapita wapi, litabeba nani, na nani atalitengeneza likiharibika.

Kwa njia ya Suji, alisema, mambo makubwa ni kupoza injini, breki na tairi. Gari linalochemsha kidogo tu mjini litachemsha sana mlimani likiwa na watu saba. Kushuka ndiko kunakomaliza breki: dereva anayeteremka na mguu kwenye breki mwanzo hadi mwisho, bila kutumia gia ndogo, anazipasha moto mpaka ziache kushika.

Kuhusu aina ya Noah, alipenda ile ya zamani ya SR40, iliyotengenezwa mpaka mwaka 2001. Injini yake haina makuu, vipuri vyake vipo, na inasukumwa na magurudumu ya nyuma, jambo linalosaidia ikiwa imebeba mzigo kwenye mwinuko. Mama akauliza bibi atapandaje. SR40 ina injini chini ya viti vya mbele, sakafu yake iko juu. AZR60 iliyofuata, ya kuanzia mwaka 2001, ina sakafu ya chini na milango ya kusukuma pande zote mbili. Mzee anaingia bila kubebwa. Fundi alitikisa kichwa kwa sababu injini ya D-4 ya Noah hizo haivumilii mafuta machafu na hutaka kusafishwa kwa wakati. Lakini alikubali kwamba gari linunuliwe kwa ajili ya atakayelipanda. Wakaafikiana: AZR yenye kuvuta magurudumu yote manne, kama itapatikana ambayo historia yake inajulikana.

Magari mawili

Ya kwanza waliiona Moshi. Ilipakwa rangi upya, viti vina vitambaa vipya, dashibodi inasoma kilomita 86,000. Mama ndiye aliyeutazama usukani. Ulikuwa umelika mpaka unang'aa, na raba za pedali zimeisha upande mmoja. Kilomita 86,000 hazifanyi hivyo. Kwenye kona za bamba la namba ya njano kulikuwa na matundu ya bamba jingine, na dalali alipoulizwa kama gari liliwahi kubeba abiria kwa namba nyeupe, alianza kusifia redio. Waliaga kwa heshima, wakaondoka.

Njiani kurudi, baba alisema hivyo ndivyo alivyoogopa: kwamba la mkononi ni bahati nasibu. Alikuwa na haki ya kuogopa. Gari la mkononi lisilo na historia ni baya kuliko la Japani lenye karatasi, hata likiwa nusu bei. Kama wangekuta ya namna ile tu, shauri la mama lilikuwa kusubiri mwaka mmoja na kuongeza akiba.

Ya pili ilikuwa Mwanga, kwa mstaafu aliyekuwa anaiuza kwa sababu macho yake hayamruhusu tena kuendesha usiku. Ilikuwa na mikwaruzo ubavuni na kioo cha taa kimepauka. Kilomita zake zilikuwa nyingi, 190,000 na zaidi, na hakuzificha. Alichokuwa nacho ni daftari la shule lenye jalada la bluu: tarehe ya kila kumwaga oili, kila pedi za breki, siku aliyosafisha koo la hewa la injini, gereji gani, shilingi ngapi.

Fundi alienda nao asubuhi mapema, injini ikiwa baridi, kwa sababu gari lililopashwa moto kabla ya mteja kufika huficha mengi. Alifungua rejeta, akanusa mafuta ya giaboksi, akalala chini kuangalia kama kuna mahali palipounganishwa kwa kuchomelea. Halafu aliomba kitu ambacho wanunuzi wengi wanaona aibu kuomba: kulipandisha likiwa limejaa. Mzee alicheka, akawaita wajukuu wake na majirani. Watu wanane walipanda, gari likashika njia ya Usangi na kurudi. Mshale wa joto haukusogea.

Kabla ya kulipa walikagua makaratasi. Namba ya chasisi kwenye gari ilifanana na ya kwenye kadi. Kadi ilikuwa halisi na haikushikiliwa na benki. Waliangalia madeni ya faini kwenye mfumo wa polisi wa usalama barabarani na uhalali wa bima kwenye mfumo wa TIRA, vyote kwa simu. Mkataba wa mauziano uliandikwa kwa mwanasheria, na uhamisho wa umiliki TRA ulianzishwa wiki hiyo hiyo, kwa sababu gari lililobaki kwa jina la mwenye zamani huwa kesi siku likigonga.

Bei ilikuwa Sh12.5 milioni.

Zilizobaki

Hawakupiga rangi. Sh1.9 milioni zilikwenda kwenye tairi nne, breki, oili zote na mipira ya maji. Juu ya tairi mama hakutaka mjadala. Same ni mji ulioiona jioni ya Juni 28, 2025, basi na Coaster vilipogongana na kuungua eneo la Sabasaba, makumi ya watu wakafariki. Tangu hapo wazazi wengi hawalichukulii gari la abiria kirahisi. Alijifunza kusoma tarakimu nne zilizopo ubavuni mwa tairi: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno yote na bado likawa zee. Muuzaji wa kwanza alimpa mawili ya mwaka huo kama mapya, akayarudisha.

Zilibaki Sh3.6 milioni. Baba alitaka kuweka rimu. Mama alizigawa mbele yake: Sh1.5 milioni za kidato cha kwanza, nyingine zote ndiva ya gari na bibi, kwenye akaunti inayohitaji saini mbili. Mkopo wa SACCOS haukuchukuliwa.

Desemba walipanda Suji na magari ya ndugu. Shemeji mmoja aliuliza, kwa mzaha, kama wamebadilisha kuukuu kwa kuukuu. Baba alimjibu kwamba wameongeza viti vitatu. Kwenye ile kona hakuna aliyeshuka, na mtoto wa darasa la tatu alilalamika kwamba mchezo umekwisha.

Ila mlima haukuacha kuwa mlima. Mwezi Aprili, masika yalipokolea na udongo kuanza kuteleza, baba alifika Makanya, akaitazama njia na kupaki Noah pembeni. Gari liwe la Japani, la mkononi au la zero kilometa, haligeuzi tope kuwa lami, na kuvuta magurudumu manne kusimdanganye mzazi. Bibi alishushwa siku mbili baadaye, jua lilipotoka na njia kukauka, gari likipita polepole kwa gia ndogo, naye amekaa kiti cha mbele na mkanda umefungwa juu ya mkono uliopona.

Wazazi walioko kwenye njia panda kama hiyo wanaweza kuanza kwa maswali machache, wakiyajibu wakiwa wawili. Gari hili litambeba nani, na huyo ataliingia vipi? Njia yetu mbaya kuliko zote ni ipi? Nani anaweza kutuonyesha, kwa maandishi, limeishije kabla yetu? Na tukishalipa, shilingi ngapi zitabaki kwa ajili ya tairi, ugonjwa na Januari? Nyumba yenye majibu ya maswali hayo inaweza kuchagua la Japani na ikawa sawa, au la mkononi na ikawa sawa. Isiyo nayo isubiri kwanza, iongeze akiba, na ile kona iendelee kupandwa kwa miguu kwa muda.